Literally

Literally ni kielezi cha Kiingereza ambacho maana yake ya msingi ni "neno kwa neno" au "kwa maana halisi". Asili yake ya mbali ni neno la Kilatini littera, yaani herufi. Mwanzoni kilihusu maandiko: kufasiri andiko literally ni kuyashika maneno yake yalivyo, bila kutafuta fumbo ndani yake. Baadaye kikawa pia ilani kwa msikilizaji kwamba hapa hakuna tamathali. Anayesema kwamba paa la nyumba literally limeng'oka anataka aaminiwe kuwa mabati yamechukuliwa na upepo.

Ubishi umezuka juu ya matumizi ya kutilia mkazo, maana humo kielezi hiki hutia chumvi palepale kilipopaswa kuizuia. Mtu husimulia kwamba literally alikufa kwa kicheko, naye yu mzima. Wengi huwalaumu vijana wa leo, nao wanawaonea: matumizi haya yalikuwapo tangu karne ya 18. Katika Nicholas Nickleby (1838–1839), Charles Dickens alikitumia kwa mwalimu katili aliyeshibisha macho yake kwa kumtazama kijana mtoro aliyekamatwa. Mark Twain naye, katika The Adventures of Tom Sawyer (1876), alikitumia kwa Tom anayegaagaa katika utajiri, utajiri wenyewe ukiwa gololi, kishada, panya aliyekufa na takataka nyingine za watoto. Fowler, katika mwongozo wake maarufu wa Kiingereza wa mwaka 1926, aliyakemea matumizi hayo. Kamusi ya Oxford iliyaingiza mwaka 2011, na habari hizo zilipofika magazetini mwaka 2013 wasomaji walikasirika kana kwamba wanakamusi ndio walioyabuni. Kazi ya kamusi ni kuandika watu wanavyosema.

Kielezi very kilipita njia hiyohiyo: kilitokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya "kweli", na leo ni mkazo mtupu. Hata katika "amechoka kweli" hatuthibitishi ushahidi wowote, tunakoleza tu.

Mfasiri ndiye anayebanwa zaidi. Katika hukumu ya mahakama au taarifa ya maafa, literally hudai "kwa maana halisi" au "neno kwa neno", na kuliacha ni kupotosha. Kwenye mazungumzo, "kweli kweli" au "yaani" hutosha, na mara nyingi ni afadhali lisifasiriwe kabisa: "nilikufa kwa kicheko" imeshabeba chumvi yake.