Safu ya Lugha: Muda wa kungoja

Katika tafsiri moja ya kanuni za dawa kwa farasi wa mashindano nimekuta "muda wa kujiondoa". Inaniuma. Anayejiondoa ni mgombea. Dawa huisha mwilini, na mwenye farasi hungoja. Wafugaji wetu wanalijua hilo: ng'ombe akidungwa sindano ya kititi, maziwa yake hayauzwi mpaka muda wa kungoja upite.

Kwa farasi kuna muda mwingine, nao usichanganywe na huo. FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, hutangaza muda wa kugundulika kwa dawa mwilini: fenilibutazoni, dawa ya maumivu, saa 168. Saa hizo zilipimwa kwa farasi wachache tu. Muda wa kungoja ni saa hizo pamoja na tahadhari anayoongeza daktari wa mifugo, akimtazama mnyama aliye mbele yake: uzito, umri, afya, kipimo alichopewa.

Farasi Dancer's Image alimaliza wa kwanza katika mbio za Kentucky Derby mwaka 1968, akavuliwa ushindi kwa fenilibutazoni hiyohiyo kwenye mkojo. Inaelezwa alipewa dawa hiyo saa 152 kabla ya mbio, pungufu ya zile 168.