Mwaka wa Nne: Tulipouguliwa na Mwenzetu

Ndugu msomaji, kurasa zilizotangulia zimeeleza jinsi tulivyoanza na sanduku moja lenye kufuli tatu. Sasa tunaeleza mwaka wetu wa nne. Wapo waliotaka habari hii isiandikwe, maana haitupambi. Mwenyewe aliyeugua ndiye aliyesema: "Andikeni, ila jina langu liacheni."

Sisi ni akina mama wa mahindi, maharage na mitumba. Wengine tunakaa Handeni, wengine Korogwe, kilomita 65 hivi kutoka mji hadi mji. Gunia la mahindi linateremka Korogwe, mboga na ndizi zinapanda Handeni. Mtindo huu wa kuweka hisa ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, ukaenea kwetu miaka ya 2000 kwa jina la VICOBA. Tuliupokea pamoja na sheria zake, na ile ya faini tukaishika kuliko zote: asiyefika kikaoni, shilingi 500.

Mwenzetu huyu ndiye aliyekuwa akihesabu fedha. Akaanza kukohoa. Tukasema ni vumbi la mahindi. Akanunua dawa ya maji ya kikohozi dukani, akameza na vidonge vya malaria, kikohozi kikabaki palepale. Akakosa kikao kimoja, cha pili, cha tatu. Katibu akaandika faini. Zilipofika nane tuliwatuma wawili nyumbani kwake, na tuseme kweli, hatukuwatuma kumjulia hali. Tuliwatuma kudai mkopo.

Walimkuta kalala, kanga inamzunguka mara mbili kwa kukonda. Usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa, na kwenye kitambaa chake mlikuwa na damu. Daftari la madeni halikufunguliwa. Kesho yake walimpeleka Korogwe kwa mwanachama mwenzetu, na kutoka hapo hospitali ya Magunga. Makohozi yakapimwa. Ni kifua kikuu.

Habari ilipofika kikaoni, hofu ikaingia. Mmoja alisema karogwa. Mwingine alinong'ona UKIMWI. Wengine walianza kuja na vikombe vyao. Muuguzi mmoja alikuja kutufundisha: ugonjwa huu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, wala si kwa sahani au kupeana mkono, na mgonjwa akishaanza dawa sawasawa, kwa kawaida baada ya wiki chache haambukizi tena. Akatutaka nasi tuliokaa naye chumba kimoja kila wiki tukachunguzwe. Tulikwenda wote, hakuna aliyekutwa nao.

Bibi zetu walikumbuka enzi ambazo mgonjwa wa kifua alipelekwa mbali, Kibong'oto kule Kilimanjaro, ndugu wakabaki kusubiri barua. Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Dk. Karel Styblo alikuwa miongoni mwa waliousaidia. Dawa za muda mfupi zikaanza kutumika, na mgonjwa akawa anameza mbele ya mtu ili asiache njiani. Yaliyopatikana hapa nchini yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani liueneze utaratibu huo ulimwenguni katika miaka ya 1990. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, wagonjwa wa Tanzania walianza kupewa nafasi ya kumezea dawa nyumbani, wakisimamiwa na mtu waliyemchagua wenyewe.

Mwenzetu akamchagua yule yule mwenyeji wake wa Korogwe. Dawa ni miezi sita, tena bure. Siku ya kwanza alipiga kelele chooni akidhani anakojoa damu. Kumbe ni rangi ya dawa tu. Dawa ni bure, lakini chakula na nauli si bure. Mfuko wa jamii ukatoa, na kila mmoja wetu akaleta kibaba cha unga au karanga za uji.

Mwezi wa tatu ndio ulikuwa mgumu. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, mvua zimeanza. Akafunga mizigo. "Shoga, mimi nimepona, shamba langu linaniita." Mwenyeji akasimama mlangoni: "Hutoki. Ukiacha dawa sasa, ugonjwa utakuwa sugu." Walinuniana siku mbili, lakini kila asubuhi vidonge vilimezwa. Sisi wa Handeni tukagawana shamba lake: hawa wapande, wale wapalilie.

Miezi sita ikatimia. Makohozi safi, na kutoka kilo 41 alifika kilo 54.

Siku aliyorudi kikaoni alimwambia katibu asome faini zake. Nane, shilingi 4,000. Akazihesabu mezani, halafu akatuuliza: "Mimi nilikosa kuja kwenu, nimelipa. Ninyi mlikosa kuja kwangu, je?" Kimya. Mwenyekiti akafungua pochi, akaweka 500. Tukafuata wote, na fedha zile zikaingia mfuko wa jamii. Siku hiyohiyo tuliongeza sheria: mwanachama asipoonekana vikao viwili, atembelewe kwanza, faini baadaye.

Mama mwenzetu unayesoma, ukikohoa wiki mbili usikae na dawa za dukani, nenda kapime. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nawe jirani, usingoje deni ndipo ubishe hodi.

Mwenzetu bado ndiye anayehesabu fedha zetu. Hata za kijitabu hiki kazihesabu yeye.