Vilima Vilivyolazwa: Baiskeli na Reli Zilizokufa za Derbyshire

Katikati ya Uingereza, pale safu ya Pennine inapoanza kuinuka kuelekea kaskazini, ipo nchi ya mawe iitwayo Peak District. Sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Derbyshire. Milima yake si mirefu, kwani Kinder Scout, iliyo juu kuliko yote, haifiki mita 640. Hata hivyo nchi hii humchosha msafiri. Mito ya Derwent, Wye, Dove na Manifold imeichimba mabonde membamba yenye kuta za mawe, na barabara za vijiji hushuka ukingo mmoja na kupanda wa pili bila kumpa mtu nafasi ya kupumua. Anayeizuru kwa baiskeli leo anaweza kuzifuata barabara hizo, au akapita katika njia ambazo zamani zilikuwa za reli, ambamo kilima kinapanda polepole kama kwamba kimelazwa. Ulazwaji huo una historia ya karibu miaka 200, na waliouanza hawakuwa wameiona baiskeli.

Chanzo chake ni pamba na mawe. Mwaka 1771 Richard Arkwright alijenga kando ya Derwent, katika kijiji cha Cromford, kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji. Viwanda vikazaa mifereji ya kusafirishia mizigo kwa mashua, lakini mfereji haupandi mlima, na kati ya Mfereji wa Cromford na ule wa Peak Forest ulioelekea Manchester palikuwa na uwanda wa juu usio na maji ya kutosha. Mwaka 1825 Bunge liliidhinisha reli ya kuiunganisha mifereji hiyo miwili. Mhandisi wake, Josias Jessop, alikuwa mtoto wa mjenzi wa mifereji, na akili yake ilibaki ya mifereji. Alitandika vipande virefu vilivyo karibu sawa ambako farasi walivuta mabehewa. Kati ya kipande na kipande aliweka mteremko mkali, kama ngazi, ambapo injini ya mvuke iliyosimama juu iliyapandisha mabehewa kwa kuyavuta. Reli hiyo, Cromford and High Peak, ilifunguliwa kwa awamu mwaka 1830 na 1831, ikiwa na urefu wa kilomita 53. Injini ya Middleton Top, iliyojengwa mwaka 1829, ipo mpaka leo katika nyumba yake ya mawe, na waendesha baiskeli huegemeza baiskeli zao ukutani na kuingia kuitazama.

Reli za kizazi kilichofuata zilikuwa na tabia nyingine. Garimoshi lilikuwa na nguvu, ila magurudumu ya chuma juu ya pao za chuma huteleza, kwa hiyo njia yake ililazimika kupanda kwa upole. Ardhi ndiyo iliyotakiwa kubadilika. Kampuni ya Midland ilipoisukuma reli yake kutoka upande wa Matlock hadi Buxton, ikafika mwaka 1863, ilipasua miamba ya bonde la Wye kwa mahandaki mfululizo na kuuvuka mto huo chini ya Monsal Head kwa daraja la mawe lenye matao matano. Kazi hiyo ilifanywa na vibarua wa sururu na koleo waliohama kutoka reli hadi reli, wakitumia baruti na kulala kambini. Vitabu vya historia ya uhandisi vina majina ya wakurugenzi; ya vibarua ni machache mno. Daraja la Monsal lilimchukiza mwandishi John Ruskin, aliyeona kwamba bonde zuri limeharibiwa ili watu wa Buxton na Bakewell wafupishiwe safari. Mwaka 1970 daraja hilohilo liliwekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na serikali.

Baiskeli nayo ilikuwa ikikua mahali pengine. Mwaka 1817 Karl Drais wa Mannheim, Ujerumani, alitembeza gari la magurudumu mawili lililosukumwa kwa miguu kugusa ardhi. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walilitia pedali, na katika miaka ya 1870 mji wa Coventry ukatoa baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, ambayo mpandaji wake aliketi juu kama aliyepanda mnazi. Kwa chombo hicho kilima kilikuwa hatari pande zote mbili: kupanda kulikuwa kazi ngumu, na katika kushuka jiwe dogo tu lilitosha kumrusha mtu kwa kichwa. Tarehe 5 Agosti 1878 Stanley Cotterell aliunda huko Harrogate chama cha wasafiri wa baiskeli, kilichokuja kuitwa Cyclists' Touring Club. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamisha mabango juu ya miteremko mikali kuwaonya wapandaji. Kisha mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa Rover, yenye magurudumu mawili karibu sawa na mnyororo wa nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop wa Belfast akasajili tairi la kujazwa upepo. Mwaka huohuo sheria ya Uingereza iliitambua baiskeli kuwa gari, yenye haki ya barabara. Kufikia 1899 chama cha Cotterell kilikuwa na wanachama zaidi ya 60,000, wanaume kwa wanawake, na nyumba za wageni za vijijini zilizokuwa zimedorora tangu reli iwaue farasi wa posta zilipata wateja upya.

Mwaka huohuo wa 1899 reli ya Ashbourne hadi Buxton ilifunguliwa ikipita juu ya uwanda wa chokaa, na mwaka 1904 reli nyembamba ya bonde la Manifold ikaanza kubeba maziwa ya wafugaji. Zilikuja zikiwa zimechelewa, kwa kuwa lori lilikuwa njiani.

Wakati huo mwendesha baiskeli alikuwa akikitafutia kilima dawa yake mwenyewe. Huko Saint-Étienne, mji wa Ufaransa uliozungukwa na milima, Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alitumia maisha yake kuhubiri gia. Alidai kuwa msafiri mwenye gia nyingi hupanda mlima akiwa mzima, huku mwenye gia moja akikokota. Waandaaji wa Tour de France hawakumsikiliza. Gia za kuhamisha mnyororo ziliruhusiwa huko mwaka 1937 tu, miaka saba baada ya kifo chake. Nottingham, jirani wa Derbyshire, ilichukua njia tofauti: kuanzia miaka ya 1902 na 1903 Sturmey-Archer ilitengeneza gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kutoka mji huohuo zilitoka baiskeli za Raleigh ambazo babu zetu wa Tanganyika, Kenya na Uganda walizipenda kwa uimara wake. Nyingi zilikuja na gia moja. Kila aliyekokota Raleigh yenye mzigo wa ndizi kwenye mwinuko wa Lushoto anamwelewa Vélocio bila kufundishwa.

Reli ya Manifold ilikufa mwaka 1934, ikiwa na umri wa karibu miaka 30. Hapo likatokea jambo ambalo naliona kuwa kiini cha habari hii yote, ingawa wakati wake halikupigiwa kelele. Kampuni iliikabidhi ardhi kwa halmashauri ya jimbo la Staffordshire, nayo mwaka 1937 ikafungua pale pale, kwa kilomita kama 13, njia ya lami ya watu. Zilikuwa zama za kudai haki ya kupita mashambani na milimani: mwaka 1932 mamia ya vijana wa miji ya viwanda walipanda Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi, na baadhi yao wakafungwa. Madai hayo yalizaa Hifadhi ya Taifa ya Peak District mwaka 1951, ya kwanza nchini humo. Neno hifadhi hapa lisimpeleke msomaji Serengeti; ndani yake watu huishi, hufuga na kuchimba mawe.

Pigo kubwa kwa reli lilikuja tarehe 27 Machi 1963. Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa vituo 2,363 na kilomita kama 8,000 za njia. Sababu ilikuwa hasara iliyozidi kukua mbele ya magari binafsi na malori. Abiria wa Ashbourne walikuwa wameshapoteza treni zao tangu 1954. Cromford and High Peak ilinyamaza mwaka 1967, na njia ya Monsal ikafungwa mwaka 1968. Pao ziling'olewa, mataruma yakauzwa. Yaliyobaki ni yale yasiyobebeka: matuta, mikato, madaraja na mahandaki.

Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968 iliwapa waendesha baiskeli haki ya kupita njia za farasi, na mwaka 1971 njia mbili zilizaliwa: Tissington Trail, kilomita 21 kutoka Ashbourne hadi Parsley Hay, na High Peak Trail juu ya kitanda cha Jessop. Marekani ilikuwa imetangulia kidogo, kwa njia ya Elroy hadi Sparta huko Wisconsin iliyofunguliwa mwaka 1967. Mwaka 1977 kikundi cha raia wa Bristol kilianza harakati zilizojenga njia ya baiskeli juu ya reli ya zamani hadi Bath, na kwao likatoka shirika la Sustrans, ambalo mwaka 1995 lilipewa zaidi ya pauni milioni 40 za bahati nasibu ya taifa ili kuanzisha mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima. Njia namba 68 ya mtandao huo, itokayo Derby hadi mpaka wa Scotland, hupita juu ya reli hizi za Peak.

Monsal Trail ilifunguliwa mwaka 1981, lakini mahandaki yake yalizibwa kwa usalama, na wapitaji wakalazimika kupanda na kushuka kuta za bonde kwa miguu. Kwa miaka 30 njia ilikuwa na kichwa na mkia bila kiwiliwili. Mei 2011 mahandaki yalifunguliwa yakiwa yametiwa taa, na baiskeli ikapita kilomita 13.7 bila kukatizwa. Handaki la Headstone lina urefu wa karibu nusu kilomita. Msafiri huingia penye ubaridi na matone ya maji, huku masizi ya garimoshi yangali ukutani, na akitoka anajikuta moja kwa moja juu ya daraja la matao matano, mto Wye ukiwa chini yake. Kwenye njia hiyo utawakuta wazee, watoto wenye baiskeli za kukodi, na watu wa viti vya magurudumu ambao kilima hiki kisingewapokea kamwe kupitia barabara za vijiji. Kwenye Tissington Trail ni takriban mita 200 za kupanda kutoka Ashbourne hadi Parsley Hay, na wengi hawagundui kuwa wanapanda mpaka wageuze baiskeli na ianze kukimbia yenyewe.

Miaka ya karibuni wameibuka watu wanaotaka treni zirudi kati ya Matlock na Buxton. Wanataja msongamano wa magari ndani ya hifadhi na haja ya kusafirisha mawe, na hoja zao ni nzito. Hata hivyo, ni vigumu reli na baiskeli vikae pamoja ndani ya mahandaki. Waliochimba hapo mwaka 1863 walichimba kwa ajili ya treni. Wanaopita leo wameizoea njia kwa zaidi ya miaka 40, na shauri hilo bado halijaamuliwa.