Kutoka Wanyange hadi Mkunazini

Sisi tufundishao Kiswahili Wanyange, juu ya kilima kitazamacho Ziwa Viktoria karibu na Jinja, tumezoea kuulizwa: ya nini lugha ya wauza watumwa na ya askari? Swali hilo tulisafiri nalo hadi Unguja, tukafika nalo Mkunazini, penye Kanisa Kuu la Kristo.

Hapo palikuwa soko la watumwa. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko hayo, na siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyepata kuwa askofu. Madirisha yamechongoka juu kwa mtindo wa Kigothi wa Ulaya, lakini kuta ni matumbawe na chokaa, vitu vya pwani. Mbele ya altare duara la marumaru laonyesha mahali ambapo, kwa masimulizi, palisimama mti wa kuchapia watumwa.

Steere huyo ndiye aliyetoa, mwaka 1870, kitabu cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Walioijenga nyumba ile hawakuuficha mti. Waliutia alama, wakasali papo hapo. Nasi, ambao Katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, tukiulizwa tena tutaikiri historia yote, kisha tufungue kitabu tufundishe.