Mwalimu, karatasi iko wapi?

Miye nilisoma agronomia. Lisanse nilipata, shamba bado. Kwa hiyo tangu miaka miwili nafundisha biolojia kwenye masomo moja hapa Lubumbashi, darasa la 7 na la 8. Mwaka jana prefe akaniita: « Weye njo kijana. Utatayarisha batoto teatre ya proklamasio. » Akanipa kurasa 4 za Kifaransa, zimekunjwa-kunjwa, zimetumika miaka na miaka.

Watoto walizikariri kama sala, mikono imeganda kwenye mapaja. Msichana mmoja wa la 8, ambaye kwenye bomba la maji hakuna anayemshinda kwa maneno, alisimama mbele yetu akanyamaza kabisa. Machozi yakatoka. Siku ile nilijiuliza: nani alituletea teatre ya namna hii?

Ni mambo ya zamani sana. Wajezuiti walifungua kolegi yao ya Messina 1548, na teatre ikawa chombo cha kumzoeza kijana kusimama, kutoa sauti na kukumbuka. Corneille na Molière wote wawili walipita katika kolegi zao. Lakini someni kanuni yao ya masomo ya 1599, ile Ratio Studiorum: michezo iwe ya Kilatini, iwe ya nadra, habari yake iwe takatifu, na asionekane mhusika wa kike wala nguo za kike. Lugha ya nyumbani inje, msichana inje! Huku kwetu Wasalesiani walifika Élisabethville 1911, na Don Bosco wao alikuwa amewapa vijana wa Turin jukwaa dogo la kuchezea. Wamisionari walileta kitu kizuri, sikatai. Ila Kifaransa kilikalia kiti cha Kilatini, na kingali kimekikalia.

Kumbe hapa hapa mjini kulikuwa njia ingine. Wazazi wenu wanamjua Mufwankolo wa redio na televisheni. Kundi lake lilicheza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na halikuwa na karatasi ya kukariri. Mwaka 1986 mwanaantropolojia Johannes Fabian alikuwa nao walipotengeneza « Le pouvoir se mange entier », yaani madaraka yanaliwa mazima. Kitabu chake kilitoka 1990. Walianza na msemo huo tu. Wakabishana maana yake, wakapanga matukio, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe katika mazoezi. Na ilikuwa wakati wa Mobutu, jamani, kuzungumzia madaraka!

Nikajaribu hivyo. Siku ya kwanza watoto waliuliza: « Mwalimu, karatasi iko wapi? » Nikawaambia hakuna. Wiki mbili tulifanya vitu vidogo: kutembea bila kugongana, wawili-wawili kuigana kama mtu na kioo chake, kusema jina lako lifike kwa aliye mlangoni bila kupiga kelele. Kusikiliza mwenzako ndiko kulikuwa kugumu zaidi, kila mtu alitaka kusema kwa mara moja. (Mche ukiutoa kwenye kitalu ghafla jua linauchoma; hiyo agronomia ilinisaidia kuliko kitabu.) Kisha nikawapa neno moja: ufunguo wa bomba. Nani anaushika, anamnyima nani, anakula nini?

Yule msichana akawa mwenye ufunguo. Alikalia kidumu cha manjano kama kiti cha enzi, akamwambia mwenzake: « Weye, ulinisalimia asubuhi? Basi kesho. » Darasa likaanguka kwa kicheko.

Prefe hakucheka. Alisema wazazi wanalipa ili watoto waseme Kifaransa, na siwezi kusema ni uongo. Mimi mwenyewe nilitetea kazi yangu ya mwisho kwa Kifaransa. Tukapatana: tukio la mwisho liwe Kifaransa. Cha ajabu, walilicheza vizuri kuliko zile kurasa 4, kwani maneno waliyatafuta wenyewe, makosa kidogo ndani. Mama mmoja alisimama kabisa kupiga makofi, akimwita mwenye bomba jina la jirani yake.

Mwaka huu kurasa 4 zimerudi mezani pangu. Zimebaki wiki 5. Asubuhi tunakariri, saa nane tunafunga mlango wa darasa na kutafuta neno jipya.