Mtu mmoja, mara mbili ndani ya foto moja: historia ya foto ndefu

Foto ndefu inayoonyesha mji mzima, ao kundi kubwa la watu, wengi huiamini kuliko foto ya kawaida. Wanaona kwamba haikuacha kitu. Lakini historia yake inafundisha jambo lingine: foto ya namna hiyo haikupigwa mara moja. Ni vipande vilivyopigwa kimoja baada ya kingine, kisha vikaunganishwa. Ndiyo sababu mtu anayetembea anaweza kuonekana humo mara mbili, hata mara tatu.

Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1848 huko Cincinnati, Marekani, wapiga foto wawili, Charles Fontayne na William Porter, walisimama ng'ambo ya mto Ohio wakaupiga mji kwa sahani 8 za shaba. Zilipopangwa kando kwa kando, ukingo wa mto ulionekana pamoja na mashua zake. Mwaka 1878, Eadweard Muybridge alipanda kilima cha San Francisco akapiga mji wote kuzunguka kwa vipande 13. Kazi ilichukua masaa mengi, na jua halikusimama kumngojea.

Mwaka huohuo, Muybridge alipanga apareyi 12 kando ya njia ya mbio huko Palo Alto, California. Farasi alipopita, kila apareyi ilipiga foto yake. Walitaka kujua kama farasi anayekimbia huinua miguu yote minne kwa mara moja. Jibu likawa ndiyo. Lakini asiyeelezwa angeweza kudhani anaona farasi 12 waliofuatana, kumbe alikuwa mmoja tu.

Katika Ufaransa, daktari Étienne-Jules Marey alitengeneza mwaka 1882 apareyi yenye umbo la bunduki, iliyopiga foto 12 kwa sekunde moja. Baadaye alimtembeza mtu mwenye nguo nyeupe mbele ya ukuta mweusi, akapiga hatua zake zote juu ya sahani moja. Mtu mmoja akawa kama msururu wa watu.

Mwaka 1904, Mmarekani William Johnston alipata hati ya apareyi iliyojulikana kama Cirkut. Ilizunguka polepole juu ya miguu yake, huku filamu ikipita nyuma ya ufa mwembamba. Ilitumiwa sana kwa foto za wanafunzi na waaskari. Wanafunzi watundu waligundua siri yake: anayesimama mwisho wa mstari kule apareyi inakoanzia, akishapigwa, anakimbia nyuma ya wenzake mpaka mwisho wa pili, na apareyi inamkuta tena akitabasamu.

Leo kazi hiyo inafanywa na simu. Mwaka 2011, Android 4 ilikuja na uwezo huo tayari ndani yake. Mwenye simu anageuka polepole, nayo programu inatafuta alama zinazofanana, kama vile kona ya nyumba ao mti, na kuunganisha vipande hapo. Anayetaka kumrudia rafiki yake kwa makusudi anamwambia asimame, kisha apite nyuma ya mpiga foto na kungojea mbele. Asisimame pale vipande vinapokutana, maana programu inaweza kumkata mguu ao kumfanya kivuli.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili si mchezo. Kambi pana kama zilivyokuwa Bulengo na Kanyaruchinya, karibu na Goma, haziingii zote katika foto moja ya kawaida. Mtu akipiga foto ndefu ya watu walio njiani, anayetembea upande uleule simu inakogeuka anaweza kuhesabiwa mara mbili. Anayekwenda upande mwingine anaweza kukosekana kabisa, ijapokuwa alikuwepo.

Basi, kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuhesabu watu kwa foto ndefu na kutangaza idadi. La pili ni kuona uso mmoja mara mbili na kupiga kelele kwamba foto yote ni ya uongo, na wale watu hawakuwepo. Kurudiwa kwa mtu hakuonyeshi udanganyifu. Mara nyingi kunaonyesha tu kwamba alikuwa anatembea.

Vilevile, mzazi anayetafuta mtoto katika foto kama hiyo asikate tamaa kwa kutomwona humo. Aulize foto ilipigwa wapi, siku gani, na nani aliyeipiga. Atazame pia nguo, mzigo, na watu walio kando. Kisha aende kuuliza wale waliokuwa pale.