Picha ya Siku Mbili: Kumbukumbu ya Majumba ya Sinema



Katika jarida la kumbukumbu kama hili, desturi ni kuandika habari za wajenzi na wafadhili wa hekalu. Ukurasa huu nimeuomba kwa ajili ya jengo la namna nyingine: jumba la sinema, ambalo kwa miongo mingi liliwakutanisha watu wa dini na makabila mbalimbali katika nchi yetu, kisha likafungwa bila hata kuagwa.

Onyesho la muda mfupi si jambo geni kwetu wa Dutwa. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana mbele ya umati kwa siku chache, kisha uwanja hunyamaza hadi msimu mwingine. Wahindu nao wana Ramlila, mchezo wa maisha ya Rama, ambao huigizwa katika siku za kuelekea Dussehra, na wana usiku tisa wa Navratri. Uchache wa siku haukuwa dosari. Kila mtu alijua kwamba akikosa, amekosa hadi mwakani. Kwa hiyo alikuja.

Sinema nayo iliingia nchini kwa mwendo huohuo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulipeleka lori lenye mashine ya picha katika vijiji vya Tanganyika na nchi jirani. Pazia lilitundikwa, giza likaingia, watu wakatazama, na lori likaendelea na safari.

Mijini, majumba ya kudumu yalikwisha kuanza. Unguja ilipata jumba la Royal mwaka 1921, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire, Empress na Odeon. Arusha ilikuwa na Metropole, Moshi na Plaza, na Mwanza, mji mkuu wa ukanda wetu wa ziwa, ilikuwa na Liberty na Tivoli. Sehemu kubwa ya majumba haya yalijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, Wahindu, Waislamu na Waparsi, lakini viti vyake vilikaliwa na watu wote. Filamu ya Raj Kapoor, Awara, iliyotolewa mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957, zilipendwa na watazamaji wengi wasiojua neno la Kihindi. Walielewa machozi ya mama na aibu ya umaskini bila mkalimani.

Picha hizo hazikukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nakala zilikuwa chache, na filamu ya saa tatu ilijaza mikebe minane au tisa ya utepe mkubwa. Mikebe hiyo ilisafirishwa mji hadi mji, na katika miji midogo onyesho lilidumu siku moja au mbili tu. Wakati mwingine majumba mawili yaligawana nakala moja usiku uleule: sehemu iliyokwisha kuonyeshwa hapa ilikimbizwa kule kwa baiskeli, na watazamaji wa pili wakasubiri kwa matumaini. Mwenye jumba hakuwa na sababu ya kuishikilia picha wiki nzima; mji ulikuwa mdogo, na wateja walewale walihitaji kitu kipya. Jumapili zilikuwa za familia, na katika miji ya pwani palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana.

Basi ufupi wa maonyesho haukuua sinema. Majumba yalidhoofishwa na mambo kadhaa yaliyofuatana. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo ilikuja kushika uingizaji na usambazaji wa picha. Mwaka 1971 majengo mengi yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na baadhi ya familia za wenye majumba zikahama. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilifuatiwa na uhaba mkali wa fedha za kigeni. Picha mpya na vipuri vya mashine vikawa adimu. Katika miaka ya 1980 ikaja mikanda ya video, na familia zilizojaza viti vya Jumapili zikabaki sebuleni. Vijana walikwenda kwenye vibanda vya video, ambako baadaye watafsiri kama Lufufu walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Mwaka 1994 televisheni ilianza Tanzania Bara. Jumba moja baada ya jingine likageuzwa duka, ghala au ukumbi wa mikutano.

Leo hata mataifa tajiri yanaonja hali hiyo. Mwezi Julai 2020, kampuni ya Universal na wenye majumba wa AMC nchini Marekani walikubaliana kwamba filamu iweze kukodishwa nyumbani baada ya siku 17 tu, ilhali awali ilisubiriwa kwa miezi kadhaa. Lakini siku 17 hizo si sawa na siku mbili za Mwanza ya zamani. Siku mbili zilimtoa mtu nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiona picha. Siku 17 humwambia abaki, kwa kuwa picha itamfuata simuni mwake.

Tulichopoteza, kwa maoni yangu, ni giza lile la pamoja, ambamo mkulima wa pamba, mwenye duka na karani walicheka kwa sauti moja wasijue nani ameketi kando yao. Mahali pa namna hiyo pamebaki pachache: viwanja vya ngoma, viwanja vya mpira, harusi, na sikukuu ambazo hekalu hufungua mlango kwa majirani. Tuvitunze. Na yeyote mwenye picha, tiketi au kumbukumbu ya jumba la sinema la kanda hii, awasimulie wajukuu wake kabla wasimuliaji hawajaisha.